Subira ya Barabarani na Subira ya Nyumbani



Wasomaji wapenzi, subira ni neno tulilolizoea mno midomoni, hata mara nyingi tunalitoa bila kulipima uzito wake. Aliyefiwa tunamwambia subira. Aliyekosa riziki tunamwambia subira. Na mke anayekuja mbele ya wazee analia, shavu limevimba, naye aghalabu huambiwa neno lilo hilo: mwanangu, subiri. Juma hili nimependa tulipime neno hili kwa mizani ambayo si ya kawaida katika kurasa zetu, nayo ni mizani ya wakimbiaji wa masafa marefu, hususan wanawake wa nchi ya Kitale na Bungoma, ambao wametaabika katika barabara za ughaibuni mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Hao wanaijua subira kwa miguu yao. Na kisa cha mmoja wao kinatulazimu kujiuliza kama subira tunayoihubiri majumbani ndiyo ile tuliyoamrishwa, au ni kitu kingine tulichokivika joho lake.

Nchi ya milima miwili

Sisi watu wa pwani si wageni kabisa wa upande ule. Misafara ya wazee wetu ilifika huko tangu karne ya 19, na mji wa Mumias, usio mbali na Bungoma, ulikuwa kituo kikubwa cha Waswahili. Ndiko Uislamu ulikotia mizizi yake katika magharibi ya Kenya. Kitale yenyewe iko katika kimo cha takriban mita 1,900 juu ya bahari. Ukisimama hapo, mashariki unaiona milima ya Cherangani, na magharibi unauona Mlima Elgon, wenye kilele cha mita 4,321. Barabara ya kaskazini inakwenda Kapenguria, pale aliposhtakiwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano katika miaka ya 1952 na 1953. Kusini ni Bungoma, ambayo sehemu yake ya juu, Kapsokwony na vijiji vyake, imeegemea mlima huo huo wa Elgon. Ukiuzunguka mlima unaingia Uganda, katika wilaya za Bukwo na Kapchorwa. Watu wa pande zote mbili ni ndugu, na mpaka umewapitia katikati.

Hewa ya huko ni nyepesi. Mwili wa anayekulia katika kimo hicho hujizoeza kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi ili zibebe pumzi ya kutosha, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu hao kuwa hodari wa mbio. Lakini hewa peke yake haikimbii. Wapo mamilioni wanaoivuta hewa hiyo na hawajapata kukimbia hata kulifukuza basi. Kuna jambo jingine, nalo ni namna mtu alivyolelewa na namna anavyouchukua uzito.

Mbio hizi ni kitu gani

Marathoni ni mbio za kilomita 42 na mita 195. Kwa msomaji wa Mombasa, na akadirie mtu anayetoka kisiwani akaipanda barabara ya Nairobi, akapita Mazeras, akapita Mariakani, na bado asiwe amefika. Wanawake hodari huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini na kitu, yaani katika kila kilomita moja hawatumii hata dakika tatu na nusu.

Mwili wa binadamu huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, na wataalamu huiita glikojeni. Akiba hiyo humtosha mkimbiaji mwenye kasi takriban kilomita thelathini. Ikikauka, miguu huwa kama magogo, na wakimbiaji husema kwamba wamegonga ukuta. Tena ubongo nao huila sukari hiyo hiyo. Kwa hiyo kinachoteseka si mguu tu, bali na akili. Mtu huanza kusikia ndani yake sauti inayomwambia: kaa chini, hukutumwa, nani atakulaumu? Hapo mapambano yanatoka katika misuli, yanaingia moyoni.

Anayekimbilia nchi ya kigeni huongezewa mizigo mingine juu ya hiyo. Kuna baridi asiyoizoea, chakula kisichomkubali tumboni, lugha asiyoielewa, kitanda cha hoteli kisichompa usingizi, na simu ya kutoka nyumbani inayoweza kulia wakati wowote kwa habari yoyote.

Bi Tegla na simu ya msiba

Habari kama hiyo ilimfika Bi Tegla Loroupe. Alizaliwa mwaka 1973 katika nchi ya Pokot Magharibi, upande wa kaskazini wa Kitale, katika nyumba ya mitaala iliyokuwa na watoto zaidi ya ishirini. Shule ilikuwa mbali, takriban kilomita kumi, naye akienda na kurudi mbio, miguu mitupu, ili asichelewe. Baba yake hakuona faida yoyote ya mtoto wa kike kukimbia. Waliomshika mkono ni mama yake, na dada yake mkubwa aitwaye Albina.

Mnamo Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 21, mwanamke huyu mwenye umbo dogo alishinda marathoni ya New York, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata ushindi huo. Mwaka uliofuata akarudi kuitetea taji yake. Siku chache kabla ya mbio, dada yake Albina akafariki dunia.

Akina mama, hebu tulitafakari jambo hilo. Msiba uko Kenya, nawe uko Marekani. Matanga yanakaliwa bila wewe, na huko uliko hakuna mtu wa kabila lako wala wa ukoo wako wa kulia naye. Na siku hiyo ya Novemba 1995 palikuwa na baridi na upepo mkali. Bi Tegla akakimbia, huku akimlilia yule aliyempa moyo wa kukimbia. Akashinda mara ya pili.

Baadaye alifanya makubwa zaidi. Aprili 1998, katika mji wa Rotterdam, aliivunja rekodi ya dunia ya wanawake ambayo Ingrid Kristiansen wa Norway alikuwa ameishika kwa miaka 13. Na Septemba 1999, mjini Berlin, akaipunguza tena hadi saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Lakini siku yake inayostahili kukumbukwa zaidi, kwa maoni yangu, si ya ushindi. Ni Septemba 2000, katika michezo ya Olimpiki ya Sydney. Watu wengi walimtarajia yeye kuitwaa dhahabu. Usiku wa kuamkia mbio, chakula kikamdhuru tumboni vibaya sana. Asubuhi alisimama mstarini hali mwili umekauka maji na nguvu. Akakimbia kilomita zote 42, akatokea wa 13. Siku chache baadaye akaingia tena uwanjani katika mbio za mita 10,000, miguu mitupu kama alipokuwa mtoto wa shule, akawa wa tano. Alieleza baadaye kwamba alijiona ana deni kwa watu wa nyumbani waliomfanya kuwa tumaini lao.

Deni hilo ameendelea kulilipa. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya amani, na mbio za kila mwaka huko Kapenguria, ambapo vijana wa Pokot, Turkana, Marakwet na Karamoja, waliozoea kuibiana mifugo kwa bunduki, hukimbia pamoja barabara moja. Na mwaka 2016 ndiye aliyeiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio, timu ya wanamichezo kumi, watano kati yao wakimbiaji waliotoka Sudan Kusini na kupatikana katika kambi ya Kakuma.

Mexico, siku moja

Bungoma nayo ina watu wake. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, Ben Jipcho, mwana wa Mlima Elgon, aliingia katika fainali ya mita 1,500 pamoja na Kipchoge Keino. Mji ule uko juu kiasi cha mita 2,240, na pumzi ni adimu. Jipcho alitoka mbele kwa kasi ya kutisha, akayateketeza mapafu yake mwenyewe ili kuwachosha wapinzani, hasa Jim Ryun wa Marekani, Keino apate nafasi. Keino akapata dhahabu. Jipcho akaishia nyuma ya msafara. Wako watu ambao subira yao ni kuumia ili mwenzao afike.

Siku hiyo hiyo, mji huo huo, John Stephen Akhwari wa Tanzania alikuwa barabarani katika marathoni. Alianguka katikati ya mbio, goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akichechemea, mara akitembea. Aliingia uwanjani jua limekwisha kuzama, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu namna ile ili aanze mbio tu, bali ili azimalize. Jibu hilo limevuka mabara, na walimu wa Afrika Mashariki huwasimulia watoto mpaka leo.

Ndani ya mwezi wa kufunga

Dada zetu Waislamu wanayo pia mifano ya karibu. Bi Sifan Hassan alizaliwa Ethiopia, akahamia Uholanzi akiwa mkimbizi wa miaka 15. Mwaka 2023 aliamua kukimbia marathoni yake ya kwanza, ile ya London, tarehe 23 Aprili. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Machi, na sikukuu ya Idi ilikuwa siku mbili tu kabla ya mbio. Maana yake ni kwamba mazoezi yake ya mwisho aliyafanya katika mwezi wa saumu.

Katikati ya mbio nyonga ikamkamata. Akasimama, akajinyoosha pembeni ya barabara, wenzake wakamwacha. Akaanza tena, kisha akasimama tena. Wengi walidhani amekwisha. Yeye akawafuata mdogo mdogo, akawafikia, na mwishoni akawapita wote, akashinda kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 33. Tazameni kwamba hakuyapuuza maumivu yake. Aliyasikiliza, akasimama, akayatibu kadiri ilivyowezekana, ndipo akaendelea.

Wako wanaouliza kama yafaa mwanamke kukimbia. Nawakumbusha kisa kinachojulikana, kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bi Aisha wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baada ya muda, mwili wa Bi Aisha ulipokuwa umeongezeka, Mtume akamshinda, akamtania kwamba sasa wamekuwa sawa. Adabu na stara vina nafasi yake, na hilo halina ubishi. Lakini kisa chenyewe kinatuonyesha pia nyumba ambamo mke anashinda, na mume anacheka.

Aliyeinua mikono mapema

Nirudi Bungoma. Mlima Elgon ulipata kuungua. Kati ya 2006 na 2008 vita vya ardhi viliwaua na kuwahamisha watu wengi wa huko. Mwaka mmoja baada ya bunduki kunyamaza, Agosti 2009, msichana wa mlima huo aitwaye Linet Masai, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa Berlin katika fainali ya dunia ya mita 10,000. Karibu na utepe, Meselech Melkamu wa Ethiopia alikuwa mbele yake, na alipoona amefika akaiinua mikono kushangilia. Linet hakuwa amekata tamaa. Akajitupa mbele katika hatua za mwisho kabisa, akaipata dhahabu kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Somo lake liko wazi: mbio hazijaisha mpaka zimeisha, na asherehekeaye mapema huumia. Nimelitaja kwa sababu sisi jamaa wa wanaosafiri tuna tabia ya kuinua mikono mapema. Binti akifika ughaibuni tunashangilia. Akituma fedha tunashangilia. Akirudi salama uwanja wa ndege, tunadhani safari imekwisha, na hatari imebaki huko alikotoka.

Wiki tatu baada ya Paris

Bi Rebecca Cheptegei alizaliwa katika familia ya Bukwo, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, na alikuwa askari katika jeshi la nchi yake. Ili awe karibu na viwanja vya mazoezi vya Kenya, alinunua ardhi na kujenga nyumba upande wa Endebess, magharibi ya Kitale. Mwaka 2022, huko Chiang Mai, Thailand, alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za milimani. Alikuwa mama wa mabinti wawili.

Tarehe 11 Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Njia ya mbio ilitoka katikati ya mji, ikaelekea Versailles na kurudi, tena ilikuwa na vilima vikali kuliko ilivyozoeleka katika mbio hizo. Katika barabara hiyo hiyo alikuwamo Bi Sifan Hassan, ambaye alikuwa amekwisha pata shaba mbili katika mbio za uwanjani, na mwili wake umechoka hata akasema baadaye kwamba alijuta njia nzima kwa nini alizikimbia hizo kwanza. Hata hivyo alishinda, kwa tofauti ya sekunde tatu. Bi Rebecca hakuwa na siku nzuri kama hiyo. Alitaabika, akamaliza wa 44, kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 14. Alimaliza, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kisha akarudi nyumbani. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, wiki tatu kamili baada ya Paris, akiwa ametoka kanisani na watoto wake, mwanamume aliyekuwa mwenza wake alimwendea uani, akammwagia petroli na kumtia moto. Zaidi ya robo tatu ya mwili wake iliungua. Alipelekwa hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, na tarehe 5 Septemba akafariki. Alikuwa na miaka 33. Mtu yule naye alikuwa ameungua, akafa siku chache baadaye. Ilielezwa kwamba walikuwa wakigombania ile ardhi na nyumba. Baba yake Bi Rebecca alisema hadharani kwamba malalamiko yalikuwa yamekwisha pelekwa polisi kabla ya siku ile.

Wala hakuwa wa kwanza. Oktoba 2021, Bi Agnes Tirop, aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi huko Ujerumani mwezi mmoja tu kabla, alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Wakimbiaji wenzake waliunda jumuiya kwa jina lake ili kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa.

Hawa ni watu waliozishinda baridi, kiu, milima na ukuta wa kilomita ya thelathini. Barabara za ughaibuni hazikuwaua. Waliuawa nyumbani.

Subira mbili

Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Subira ya mkimbiaji na subira tunayomtaka mke anayepigwa awe nayo, si kitu kimoja, na kuzichanganya ni dhuluma.

Kwanza, mkimbiaji amechagua. Alitia nia, akajiandikisha, akafanya mazoezi. Anayepigwa hakuchagua kupigwa. Alichagua ndoa, na ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kipigo.

Pili, mbio zina mwisho unaojulikana. Kilomita 42 na mita 195, wala haziongezwi hata hatua moja. Bi Tegla akiwa amelegea Sydney alijua bado kilomita ngapi. Mwanamke anayeambiwa asubiri tu, hakuna anayemwambia asubiri mpaka lini. Utepe wake husogezwa mbele kila anapoukaribia: subiri azae mtoto, subiri apate kazi, subiri azeeke.

Tatu, katika mbio kuna watu wa kukutazama. Kuna meza za maji kila baada ya kilomita chache, kuna waganga, kuna gari la kumchukua aliyeshindwa, na anayejitoa hafukuzwi mjini. Bi Sifan alisimama mara mbili, na hakuna aliyemwita mvivu. Mke anayesimama na kusema nimechoka, mara ngapi tumemwambia anatuaibisha?

Nne, mkimbiaji anaumizwa na njia. Haumizwi na mkono wa mtu aliyepewa amana ya kumlinda.

Na tukitaka kuitazama dini yenyewe, tutaona kwamba imejaa ruhusa. Msafiri hupunguza sala. Mgonjwa hufungua saumu, na mja mzito na mnyonyeshaji anayechelea madhara naye ana ruhusa. Ikiwa Mola amemwondolea mgonjwa uzito wa ibada iliyo nguzo ya dini, vipi sisi tutamwekea mwanamke uzito wa kipigo, kisha tuuite ibada? Kanuni wanayoitegemea mafakihi wa madhehebu zote ni kwamba madhara huondolewa. Kuondolewa maana yake ni kuyaondoa, wala si kuyavumilia. Sisi tunaokaa kusuluhisha wanandoa tuna dhima kubwa hapa. Suluhu ni ya watu wawili waliokosana. Mtu akiwa anaogopewa ndani ya nyumba yake, hapo hapana ugomvi wa kusuluhishwa, pana hatari ya kuzuiwa.

Mali ya binti

Jambo la ardhi nalo lisitupite. Wanawake hawa walichuma kwa jasho lao, na mali hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa chanzo cha fitina. Huku kwetu mabinti wengi hawakimbii marathoni, lakini wako Saudia, Qatar na Oman, wanafua na kupika katika nyumba za watu, nao pia wanagonga ukuta wao usiku wakiwa peke yao. Wanatuma fedha. Fedha hizo hununua kiwanja, na mara nyingi kiwanja huandikwa jina la mume, au kaka, au mjomba.

Sheria ya Kiislamu haina utata katika hili. Mali ya mwanamke ni yake, akiwa binti, akiwa mke, akiwa mjane. Mume hana fungu katika mshahara wake ila alichompa kwa ridhaa ya moyo. Basi hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la aliyekinunua, na iwekwe mahali salama. Fedha zinazotumwa ziandikiwe kumbukumbu. Na binti akirudi, aulizwe hali yake kabla ya kuulizwa alicholeta.

Likitokea la kutokea

Msomaji, ukiona jirani au ndugu yako anazuiwa kutoka, anafuatwa na kupelelezwa, ananyang'anywa simu au fedha zake, anatishwa kwa maneno ya kuuawa au kuchomwa, usiyachukulie kama hasira za mapenzi. Vitisho vya namna hiyo mara nyingi hutangulia kitendo.

Kenya inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo inamwezesha mtu kuomba mahakamani amri ya kulindwa, na mtesaji akakatazwa kumkaribia. Nambari ya simu 1195 hupokea habari za ukatili huu bila malipo, na kwa watoto kuna nambari 116. Aliyepigwa aende hospitali kwanza, kisha aripoti polisi na kujaziwa fomu ya P3, kwani bila ushahidi huo kesi hulegea. Asiende peke yake. Aende na mama, dada au jirani, na wakipuuzwa kituo kimoja waende kwa wakubwa wake. Na katika mambo ya ndoa, mlango wa Kadhi uko wazi kwa mwanamke sawasawa na kwa mwanamume. Kuomba kufarikiana na mtu unayemhofia kwa nafsi yako si uasi.

Kina baba nao nawaambia: Bi Tegla alisimamishwa na mama na dada. Hakuna kilichomzuia baba kuwa wa tatu. Binti wa mtu huyu au yule, ukimwona anaweza jambo la halali, mshike mkono. Na akirudi mlangoni kwako usiku na mtoto mgongoni, mfungulie. Usimwulize kwanza amekosa nini.

Wanaokimbia huwekewa meza za maji njiani kwa sababu walioyaandaa mashindano wanajua kwamba hakuna mwili, hata uwe hodari vipi, unaofika mwisho bila msaada. Nyumba zetu, misikiti yetu na vikao vya akina mama vyafaa viwe meza hizo. Juma hili, kila familia na imtafute mmoja wa jamaa zake aliye mbali au aliye kimya, impigie simu, imwulize hali yake, na imsikilize mpaka amalize.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu walioko safarini na walioko majumbani. Wabillahi tawfiq.